Kupima Kazi ya Vimeng'enya: Ulinganishaji wa Vyombo vya Maabara na Maneno Yake

1. Utangulizi

Neno "kipimo" katika Kiswahili hubeba mizigo minne kwa pamoja. Kibaba ni kipimo, yaani chombo. Ratili ni kipimo, yaani kizio. Mgonjwa huenda hospitali "kufanyiwa vipimo", yaani uchunguzi. Na baadaye huletewa "vipimo vyake", yaani majibu. Katika mazungumzo ya kila siku wingi huu wa maana haumdhuru mtu, kwa sababu muktadha hutuonyesha maana iliyokusudiwa. Katika maabara, hata hivyo, maana hizo ni mambo manne mbalimbali, na kila moja laweza kukosewa peke yake. Chombo chaweza kuwa na kasoro hali kizio ni sahihi. Uchunguzi waweza kufanywa kwa uangalifu na jibu likaandikwa kwa kizio kisicho chake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi vyombo vinavyopima kazi ya vimeng'enya vinavyolinganishwa na vigezo, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko kulinganisha mizani ya dukani. Hoja yangu ni kwamba kulinganisha si kurekebisha, na kwamba lugha inayoyachanganya mambo haya mawili yaweza kumgharimu mgonjwa afya yake. Mfano nitakaoutumia ni wa kimeng'enya kimoja, glukosi-6-fosfati dehaidrojenesi, ambacho kwa ufupi huitwa G6PD. Nimekichagua kwa kuwa kina uzito mkubwa katika nchi zenye malaria, pwani yetu ikiwa miongoni mwazo.

2. Kimeng'enya ni kitu gani?

Istilahi "kimeng'enya" imetokana na kitenzi "kumeng'enya", yaani kukivunjavunja chakula tumboni. Jina hili lilizaliwa likiwa jembamba kuliko kitu kinachoitwa. Lakini hata jina la Kizungu lina kasoro ya namna hiyo: mwanafiziolojia Mjerumani Wilhelm Kühne alilibuni katika miaka ya 1870 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu". Leo twajua kwamba vimeng'enya vimo katika kila kiumbe hai, na vingi havihusiani na chakula wala chachu. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kumalizika katika badiliko hilo.

G6PD imo ndani ya chembe nyekundu za damu, na katika seli nyinginezo pia. Kazi yake ni kuchukua hidrojeni kutoka katika aina fulani ya sukari na kuikabidhi kwa dutu iitwayo NADP, ambayo hapo hugeuka kuwa NADPH. Hii NADPH ndiyo ngao ya chembe: huisaidia kustahimili madhara ya oksijeni na ya baadhi ya dawa. Chembe isiyo na G6PD ya kutosha, ikikutana na dawa za namna hiyo, hupasuka, na mgonjwa huweza kupungukiwa damu kwa ghafla.

Mwaka 1956 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliodhurika kwa primakwini, dawa ya malaria, walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Jambo hili halikubaki katika vitabu tu. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, ambayo mojawapo ya viungo vyake ni dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya majaribio kuonyesha kwamba iliwapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu wa G6PD.

Upungufu huu ni wa kurithi, nao hubebwa na kromosomu X. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, kwa hiyo kwa kawaida ama ana upungufu ama hana. Mwanamke anazo mbili, na damu yake yaweza kuwa na mchanganyiko wa chembe nzima na chembe dhaifu. Yeye, basi, aweza kuangukia popote katikati. Ni kwa ajili yake hasa kwamba haitoshi kuuliza "anacho au hana?" Yabidi kuuliza "anacho kiasi gani?", na swali hilo hujibiwa kwa tarakimu.

3. Kwa nini kisipimwe kwa uzito?

Msomaji aweza kuuliza: maadam kimeng'enya ni kitu, mbona tusikitenge tukakipima uzito? Ziko sababu mbili. Kwanza, kiasi chake katika tone la damu ni kidogo mno, nacho kimezungukwa na protini nyingine tele. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, kimeng'enya kilichoharibika kwa joto kina uzito uleule wa kimeng'enya kizima. Mizani haiwezi kutofautisha kilicho hai na kilichokufa.

Kwa hiyo kimeng'enya hupimwa kwa kazi yake, kama vile kibarua alipwavyo kwa mistari aliyolima wala si kwa uzito wa mwili wake. Mwaka 1961 Tume ya Vimeng'enya ya Umoja wa Kimataifa wa Biokemia ilipendekeza kizio kimoja: kiasi cha kimeng'enya kinachobadilisha mikromoli moja ya dutu kwa dakika moja. Mwaka 1999 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Uzani uliidhinisha kizio kingine kiitwacho katali, ambacho ni moli moja kwa sekunde. Kizio kile cha zamani ni sawa na nanokatali 16.67, na hadi leo ndicho kinachotumiwa zaidi mahospitalini.

Lakini kibarua hulima zaidi asubuhi kuliko adhuhuri, na zaidi katika udongo laini kuliko katika changarawe. Kadhalika kimeng'enya: kazi yake hutegemea joto, ukali wa asidi, na wingi wa dutu kinayopewa kuibadilisha. Tarakimu ya kimeng'enya isiyotaja masharti yake ni kama ushahidi usiotaja mahali wala wakati.

4. Jinsi nuru inavyohesabu

Chombo kinachotumika sana katika kazi hii ni spektrofotometa. Chombo hiki hupitisha mwali wa nuru wa rangi moja katika kikombe kidogo chenye kuta bapa, kiitwacho kuveti, na kupima ni nuru kiasi gani imefyonzwa njiani. Ufyonzaji ukiwa 1, ni sehemu moja tu ya kumi ya nuru iliyopenya. Ukiwa 2, ni sehemu moja ya mia.

Ikatokea bahati njema ya kimaumbile: NADPH hufyonza sana nuru yenye urefu wa wimbi wa nanometa 340, ambayo jicho la mwanadamu haliioni, hali NADP karibu haiifyonzi kabisa. Kwa hiyo kadiri G6PD inavyofanya kazi, ndivyo nuru inavyozidi kupungua upande wa pili wa kuveti. Mwaka 1948 Horecker na Kornberg walikadiria kwamba milimoli moja ya dutu ya jamii hii katika lita moja, nuru ikipita sentimeta moja, ina ufyonzaji wa 6.22. Hesabu inayofuata ni nyepesi. Ufyonzaji ukiongezeka kwa 0.0622 kila dakika, basi milimoli 0.01, yaani mikromoli 10, za NADPH zinazaliwa katika kila lita kwa dakika. Hivyo ni vizio 10 kwa lita ya mchanganyiko ulio katika kuveti. Ikiwa sampuli ya mikrolita 20 ilitiwa ikafikisha mchanganyiko wa mililita moja, jibu huzidishwa kwa 50, na sampuli yenyewe itakuwa na vizio 500 kwa lita. Kwa G6PD jibu hilo hugawanywa tena kwa wingi wa hemoglobini, ili mtu mwenye damu chache asihesabiwe kuwa na kimeng'enya haba.

Wepesi huu wa hesabu hudanganya. Tarakimu moja ya mwisho imetokana na urefu wa wimbi, ufyonzaji, upana wa kuveti, joto, muda na ujazo. Kila kimojawapo kina chombo chake, na kila chombo chahitaji kigezo chake.

5. Mnyororo wa vigezo

(a) Urefu wa wimbi. Chombo kinaposema "340", twajuaje kwamba ni 340? Hutiwa katika kuveti myeyusho wa oksidi ya holimiamu, madini ambayo hufyonza nuru mahali maalumu panapojulikana, kwa mfano karibu na nanometa 287 na 361. Chombo kikionyesha kilele hicho kwenye 364, tumejua kwamba kinakosea kwa nanometa 3 upande ule. Ni kweli kwamba kilele cha NADPH ni bapa, na kosa dogo hapo halileti hasara kubwa: kwenye nanometa 334 kiwango cha 6.22 hushuka hadi 6.18 tu. Lakini kwenye 365 hushuka hadi 3.4, karibu nusu.

(b) Ufyonzaji. Huandaliwa myeyusho wa dikromati ya potasiamu wa miligramu 60 katika lita moja ya asidi hafifu ya salfuriki. Katika kuveti ya sentimeta moja, ufyonzaji wake kwenye nanometa 350 hauna budi kuwa karibu 0.64. Chombo kinachosoma 0.60 kinapunja, hata kama sura yake ni mpya na taa zake zinawaka.

(c) Nuru potofu. Ndani ya chombo baadhi ya nuru isiyotakiwa huvuja na kukifikia kipokeo bila kufyonzwa. Nuru hiyo ikiwa asilimia moja tu, ufyonzaji wa kweli wa 1 utasomeka 0.96, na ule wa 2 utasomeka 1.7. Kasoro hii ni ya hila, kwa sababu haionekani katika vimiminika hafifu bali hujitokeza katika vizito. Hugunduliwa kwa myeyusho wa nitriti ya sodiamu wa gramu 50 kwa lita, ambao kwenye nanometa 340 huziba nuru karibu yote. Chochote ambacho chombo kitadai kimepenya hapo, kimetoka mlango wa nyuma.

(d) Joto. Hapa ndipo panapokosewa sana. Kwa vimeng'enya vingi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi kazi huongezeka takriban maradufu. Yaani kila uzi mmoja huleta tofauti ya asilimia 7 hivi. Zamani maabara nyingine zilipima kwa nyuzi 25, nyingine kwa 30, na nyingine kwa 37, na majibu yao hayakuweza kulinganishwa moja kwa moja. Mwaka 2002 Shirikisho la Kimataifa la Kemia ya Kitabibu lilichapisha taratibu rejea za vimeng'enya kadhaa kwa nyuzi 37, na tangu hapo joto hilo limekuwa ndilo msingi. Joto linalotakiwa ni lile la kimiminika kilichomo katika kuveti, si lile linaloandikwa kwenye uso wa chombo. Kipimajoto chenyewe hulinganishwa na sehemu thabiti za maumbile. Maji yenye barafu inayoyeyuka yana nyuzi 0 Mombasa na Nairobi vilevile. Maji yanayochemka hayafai kuchukuliwa kijumla: Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Mtu akikirekebisha kipimajoto chake Nairobi ili kisome 100, atakuwa amekiharibu kwa mikono yake. Karibu zaidi na joto la mwili kuna metali iitwayo galiamu, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 29.76, nayo hutumika kama kigezo.

(e) Ujazo na muda. Pipeti ya mikrolita 20 hulinganishwa kwa kupima uzito wa maji inayotoa, ambayo hayana budi kuwa karibu miligramu 20. Ikitoa 19, majibu yote yamepungua kwa asilimia 5. Hapo, basi, mizani imerudi, nayo yahitaji mawe yaliyolinganishwa. Katika nchi yetu vigezo vya kitaifa vya vipimo hutunzwa na Shirika la Viwango la Kenya, nalo huvihusisha na vile vya kimataifa. Tangu mwaka 2019 kilogramu yenyewe haitegemei tena kipande cha metali kilichowekwa nchini Ufaransa, bali hutegemea thabiti ya maumbile.

6. Juu ya mnyororo hakuna kitu

Tukifuata mnyororo wa uzito hadi juu, twafika kwenye thabiti ya maumbile. Tukifuata ule wa kimeng'enya, twakuta jambo la ajabu: hakuna jiwe wala chupa ambayo ndiyo "kizio cha G6PD" kwa asili yake. Maadam kimeng'enya hupimwa kwa kazi, na kazi hutegemea masharti, kigezo cha juu kabisa ni utaratibu ulioandikwa na kukubaliwa. Chupa za damu ya udhibiti, ambazo maabara huzipima kila siku kabla ya wagonjwa, zina manufaa makubwa kwa kuonyesha kwamba leo ni kama jana. Lakini ikiwa jana ilikuwa na kasoro, chupa hizo zaweza kutuhakikishia tu kwamba kasoro ingalipo.

Wanaisimu hawatalishangaa jambo hili. Kiswahili Sanifu nacho hakikuchimbwa ardhini. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikaa ikakubaliana juu ya tahajia na maneno. Usanifu ni maafikiano, na thamani ya maafikiano ni kwamba kila mmoja ajue yaliyoafikiwa na kuyashika.

7. Mfano wa hatari

Tafenokwini, dawa mpya ya malaria ya aina ya vivaksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutolewa kwa mtu ambaye kazi ya G6PD yake imezidi asilimia 70 ya kawaida. Dawa hii hukaa mwilini kwa majuma, wala haiwezi kurudishwa ikishamezwa. Tuchukulie mwanamke mwenye asilimia 66 kwa hakika. Kuveti ikiwa na joto la nyuzi 38 hali chombo kinaonyesha 37, jibu lake litazidi kwa asilimia 7 hivi na kusomeka karibu 71. Atapewa dawa asiyostahili kupewa. Kinyume chake, mwenye 74 akipimwa kwa nyuzi 36 atasomeka 69, na atanyimwa dawa iliyomfaa.

Huenda msomaji makini akapinga: asilimia ni uwiano, na ikiwa kiwango cha kawaida kilipatikana kwa chombo hichohicho chenye kasoro ileile, si makosa yatafutana? Naam, yatafutana, mradi kasoro haikubadilika. Lakini kiwango cha kawaida hupatikana siku moja, kutokana na wanaume wengi wasio na upungufu, na wagonjwa huja siku nyingine, miezi au miaka baadaye. Baina ya siku hizo taa huchakaa, pipeti hulegea, na joto hupotoka. Uwiano huficha kasoro iliyotulia. Hauwezi kuiponya inayotembea.

8. Kulinganisha na kurekebisha

Sasa tulirudie suala la maneno. Fundi akija katika maabara, mara nyingi husemwa kwamba amekuja "kurekebisha mashine". Akiondoka, mashine inasoma sawasawa, na kila mtu ameridhika. Hata hivyo kuna swali ambalo halikuulizwa: kabla hajaigusa, ilikuwa ikikosea kwa kiasi gani?

Msamiati wa kimataifa wa upimaji umetahadharisha kwamba mambo haya mawili yasichanganywe. Kulinganisha ni kuweka chombo mbele ya kigezo na kuandika uhusiano baina ya kile kinachosomwa na kile kilicho kweli, pamoja na mipaka ya shaka. Kurekebisha ni kukigeuza chombo ili kisome inavyotakiwa. La kwanza ni ushahidi, la pili ni tiba. Daktari anayetibu bila kuandika ugonjwa huenda akamponya mgonjwa huyo mmoja, lakini hawezi kuwafuata waliokwisha ondoka.

Na waliokwisha ondoka ndio shida yenyewe. Chombo kikigunduliwa kuwa na kasoro leo, basi kila jibu lililotolewa tangu ulinganishaji wa mwisho lina shaka. Ikiwa kasoro iliandikwa kabla ya marekebisho, maabara yaweza kurudi katika daftari, ikayachambua majibu yaliyokuwa karibu na mpaka wa asilimia 70, na kuwaita wahusika wapimwe upya. Ikiwa chombo kilirekebishwa tu, njia ya kurudi imefungwa. Yule mwanamke wa asilimia 66 hatajulikana kamwe.

Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi zifuatazo zitenganishwe katika maandishi yetu: "kulinganisha na kigezo", au kwa ufupi "ulinganishaji", kwa tendo la kwanza, na "urekebishaji" kwa la pili. Aidha, neno "kipimo" lisiachiwe mizigo yote minne. Tuseme "chombo", "kizio", "uchunguzi" na "jibu", kila jambo kwa jina lake, na "kipimo" libaki katika matumizi ya jumla. Maneno haya yote tayari ni mali yetu. Kilichopungua ni nidhamu ya kuyatumia.

9. Hitimisho

Mkaguzi wa mizani na vipimo anapopiga muhuri mizani ya muuza sukari, mnunuzi humwamini mtu asiyemjua kwa sababu ya alama hiyo. Mgonjwa hana mizani ya kupimia upya damu yake nyumbani, wala hawezi kuijaribu galiamu au dikromati. Anachopewa ni karatasi yenye tarakimu. Ni haki yake kwamba nyuma ya tarakimu hiyo kuwe na daftari linaloonyesha chombo kililinganishwa lini, kwa kigezo gani, na kilikutwa na kosa kiasi gani kabla ya kuguswa. Nasi tunaoshughulika na lugha tuna wajibu wa kumwekea mtaalamu wa maabara maneno ambayo kwayo daftari hilo laweza kuandikwa kwa Kiswahili bila utata.